Msamaha wa ada za ujenzi kwa nyumba za bei nafuu Lubumbashi: namna ya kuuandaa ili umfikie mkaaji

Katika lupango moja (kiwanja cha nyumba) la kartiye, yaani mtaa, ya Kasungami, komine Annexe, nilikuta rundo la matofali ya kuchoma lililofunikwa kwa plastiki nyeusi, majani yameshaota pembeni mwake. Mwenye lupango, mama anayeuza unga sokoni, alikuwa ameyanunua kabla ya mvua za mwaka uliotangulia. Yalikuwa matofali mazuri ya udongo wa kichuguu, yaliyoiva hata ukiyagonga yanalia kama chungu. Kilichomkwamisha hakikuwa saruji wala malata. Alinitolea mfuko wa plastiki uliojaa karatasi: fishi ya lupango kutoka kwa chefu wa kartiye, mchoro wa kadasta, risiti tatu za rangi tatu tofauti, na hati moja ya malipo ambayo hakuwa na fedha ya kuilipa. Tulipojumlisha alichokwisha kulipa na alichokuwa bado anadaiwa, tukaona kwamba fedha hiyo ingetosha kuezeka vyumba viwili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisaidiana na kamati za kartiye kutafuta njia ya kuupunguza mzigo huo, na nimejifunza kwamba kuomba ada zisamehewe ni kazi nyepesi kuliko kuhakikisha kwamba msamaha wenyewe unamfaa aliyekusudiwa. Mwongozo huu ni kwa ajili ya kamati za kartiye, vikundi vya likelemba (watu wanaochangiana fedha kwa zamu) vinavyonunua viwanja pamoja, vyama vya ushirika, washauri wa komine, na wabunge wa jimbo la Haut-Katanga wanaotaka kuandaa pendekezo linaloweza kusimama mbele ya sheria. Hoja yangu ni moja, nami nitairudia kila inapohitajika: masharti ya nyumba yaandikwe kabla ya kiasi cha msamaha, kwa sababu ada iliyosamehewa bila sharti lililofungwa kwenye hati huishia mfukoni mwa mwenye kiwanja, na haishuki hata kidogo hadi kwenye bei anayolipa mkaaji.

Jueni kwanza ada ipi ni ya nani

Watu wanapozungumzia taksi za ujenzi huweka katika kapu moja malipo ambayo kisheria hayana undugu. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema ardhi ya Kongo ni mali ya Dola peke yake, kwa hiyo anayeshika lupango ameshika haki aliyopewa na Dola, na kila hatua ya kuipata haki hiyo ina malipo yake: upimaji na uwekaji wa mipaka kwenye kadasta (ofisi ya upimaji wa ardhi), mkataba wa kukodisha, cheti cha usajili (certificat d'enregistrement) kwa mhifadhi wa hati za ardhi, kisha kibali cha kujenga kwenye idara ya urbanisme (mipango miji). Yakiisha hayo yanafuata maji ya Regideso na umeme wa SNEL.

Tarehe 13 Machi 2018 zilitiwa sahihi amri-sheria mbili ambazo ndizo msingi wa kazi yenu. Ile yenye namba 18/003 inaorodhesha malipo yanayoingia katika hazina ya serikali kuu. Ile yenye namba 18/004 inaorodhesha malipo ya jimbo na ya mamlaka zilizogatuliwa, yaani miji, komine, sekta na chefferie (maeneo ya machifu). Malipo ya orodha ya kwanza husimamiwa na DGRAD, idara ya mapato ya serikali kuu, ya jimbo letu hukusanywa na DRHKAT, idara ya mapato ya Haut-Katanga, na ya komine huingia kwa watoza wa komine yenyewe. Tafuteni nakala za orodha hizo mbili kabla ya kuandika sentensi moja ya pendekezo, kwa maana nimeona barua zenye sahihi za watu mia zikirudishwa kwa sababu ziliomba jimbo lisamehe fedha ambayo si ya jimbo.

Kisha chukueni mafaili kumi ya watu waliojenga karibuni katika kartiye yenu, wakubwa kwa wadogo, na mfungue daftari. Kwa kila karatasi andikeni jina la malipo kama lilivyochapwa, sheria au amri iliyotajwa juu yake, ofisi iliyokadiria, ofisi iliyopokea, kiasi, aina ya fedha na tarehe. Kazi hii inachosha na inahitaji subira, maana karatasi nyingine zimefifia na nyingine zina mihuri miwili juu ya neno moja. Lakini ikimalizika mtakuwa na kitu ambacho hata baadhi ya ofisi hazina, yaani njia nzima ya mjenzi mmoja kuanzia kwa chefu wa kartiye hadi kwenye kibali.

Daftari hilo litajigawa lenyewe. Yatakuwamo malipo yaliyo katika orodha ya jimbo na ya komine, nayo ndiyo mnayoweza kuomba yasamehewe hapa hapa Lubumbashi. Yatakuwamo ya serikali kuu, ambayo jimbo linaweza kuyasemea huko Kinshasa lakini haliwezi kuyafuta. Yatakuwamo pia malipo ambayo hayamo katika orodha yoyote, wala hayana andiko juu yake. Hayo msiyaombee msamaha, kwa sababu kukiombea msamaha kitu kisicho na msingi wa sheria ni kukikubali kwamba kipo. Yaandikieni barua ya pekee ya kudai yakomeshwe. Ama Regideso na SNEL, hizo ni kampuni za kibiashara zinazouza huduma, kwa hiyo hakuna baraza linaloweza kuwasamehe wateja wao. Kinachowezekana ni kikundi cha familia kwenda pamoja na kuomba njia moja ya bomba au ya waya, ili gharama ya kuivuta igawanywe.

Sahihi ya nani inatosha

Hapa ndipo mapendekezo mengi mazuri hufa. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 174, inasema kwamba hakuna kusamehewa wala kupunguziwa kodi isipokuwa kwa nguvu ya sheria. Barua ya burgumestre (mkuu wa komine) yenye muhuri mwekundu, hata iwe imeandikwa kwa nia njema kiasi gani, haimlindi mjenzi siku mkaguzi mwingine atakapokuja na kudai malipo ya nyuma. Kanuni ya kushika ni kwamba kilichowekwa na andiko la ngazi fulani hakifutwi na andiko la ngazi ya chini yake. Ikiwa ada iliwekwa na édit, yaani sheria ya jimbo iliyopigiwa kura na bunge la jimbo na kutangazwa na gavana, basi na msamaha wake uwekwe kwa édit.

Katiba hiyohiyo inawapa silaha mbili. Kifungu cha 48 kinadhamini haki ya makazi yanayomfaa binadamu, pamoja na maji safi na umeme; kifungu cha 204 kinaweka makazi ya mijini na vijijini kati ya mambo ya jimbo lenyewe. Vitajeni vyote viwili katika utangulizi wa pendekezo. Kisha mtafuteni mbunge wa jimbo aliye tayari kulibeba, kwa kuwa édit inaweza kuanzishwa na serikali ya jimbo au na mbunge yeyote wa jimbo. Mimi ningeanza na mbunge na waziri wa jimbo kwa pamoja, kwa sababu pendekezo la kupunguza mapato lisilojulikana na waziri wa fedha huchelewa njiani.

Angalieni pia kalenda. Kikao cha bunge kinachofunguliwa Septemba ndicho cha bajeti, na msamaha ni jambo la bajeti. Matofali huchomwa na kuta hupandishwa kiangazi, kuanzia Mei hivi. Kwa hiyo pendekezo linalopita mwisho wa mwaka linaacha miezi ya mvua kwa ajili ya kushughulikia mafaili, na familia zinaanza kujenga ardhi ikikauka. Mkichelewa kikao hicho, mmepoteza mwaka mzima wa ujenzi.

Masharti kabla ya kiasi

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Ada za dola 400 juu ya nyumba itakayogharimu dola 8,000 ni asilimia 5 ya gharama; ada hizohizo juu ya villa ya dola 80,000 kule kartiye ya Golf ni nusu ya asilimia 1. Malipo yasiyobadilika kulingana na ukubwa wa nyumba humlemea mdogo, na hapo ndipo msamaha una maana. Lakini ukitolewa kwa wote hupoteza maana hiyo mara moja. Ikitangazwa kesho kwamba kila anayejenga katika kartiye ya Luwowoshi hatalipa chochote, mwenye viwanja vya kuuza atapandisha bei kabla ya mwezi kwisha, kwa kuwa anajua mnunuzi amebakiwa na fedha hiyo mkononi. Komine itakuwa imepoteza mapato, mnunuzi atakuwa amelipa kiasi kilekile, na tofauti yote itakuwa imekwenda kwa muuzaji wa ardhi.

Mji wa Austin, katika jimbo la Texas huko Marekani, ulikutana na tatizo hilo na mwaka 2000 ukaweka mpango uitwao S.M.A.R.T. Housing, ambao ninaupenda kwa sababu ya ngazi yake. Mjenzi aliyetenga asilimia 10 ya nyumba za mradi wake kwa bei ya watu wa kipato cha chini alisamehewa asilimia 25 ya ada. Aliyetenga asilimia 20 alisamehewa nusu. Asilimia 30 ilimpa msamaha wa robo tatu, na asilimia 40 ilimpa msamaha wote. Nyumba zilipaswa pia kuwa salama, kuingilika kwa walemavu na kuwa karibu na usafiri wa umma. Ada ilisamehewa kwa kipimo cha kile ambacho mji ulipata, na kila mtu aliweza kuhesabu mwenyewe. Nchi ya Kenya ilipita njia nyingine, ikashusha kodi ya mapato hadi asilimia 15 kwa kampuni inayojenga angalau nyumba 100 za kuishi kwa mwaka. Ni njia inayowafaa wajenzi wakubwa.

Lubumbashi yetu haijengwi hivyo. Zamani nyumba ya mfanyakazi ilikuwa shughuli ya kampuni ya madini: kambi za Union Minière, kisha za Gécamines, zilimpokea mtu pamoja na familia yake. Gécamines ilipodhoofika, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipoondoka mwaka 2003 katika mpango wa kuondoka kwa hiari, jukumu la kujenga lilihamia mikononi mwa kila familia. Leo Annexe inajengwa na mwashi mmoja na msaidizi wake, chumba baada ya chumba, kwa fedha ya likelemba na ya mauzo ya wiki. Ngazi ya Austin inafaa kwa chama cha ushirika au kampuni inayojenga nyumba nyingi kwa pamoja; kwa familia inayojijengea inatakiwa kanuni nyingine, fupi zaidi.

Msiweke sharti la kipato kwa maandishi ya mshahara. Muuza unga, dereva wa teksi na fundi wa malata hawana karatasi ya mshahara, na mkiidai mtakuwa mmeanzisha biashara mpya ya karatasi za uongo. Chagueni vitu vinavyoonekana kwa macho na kupimika kwa utepe: eneo la lupango lisizidi kiasi fulani, sakafu ya nyumba isizidi kiasi fulani (kamati nilizofanya nazo kazi zilipendelea mita za mraba 60), nyumba isiwe ya ghorofa, na kila kaya isamehewe mara moja tu. Mkaguzi akifika, jirani yeyote anaweza kusimama naye na kuona kama sharti limetimizwa. Ongezeni kwamba upanuzi wa baadaye hauruhusiwi kumfutia mtu msamaha wake, mradi analipa ada ya kile alichoongeza, kwa kuwa hapa kwetu hakuna anayejenga nyumba yote kwa pigo moja.

Jambo gumu ni vyumba vya nyuma. Malupango mengi ya komine za hapa Lubumbashi za Katuba, Kenya na Ruashi yana nyumba ya mwenyewe mbele na vyumba vya wapangaji nyuma, na vyumba hivyo ndivyo makazi ya watu maskini zaidi mjini. Kuvinyima msamaha kwa kuwa ni biashara kungekuwa kosa. Vipeni, lakini kwa sharti la bei: pango la chumba lisizidi kikomo ambacho baraza litakitangaza kila mwaka, na mwenye nyumba aheshimu sheria namba 15/025 ya 31 Desemba 2015, ambayo inazuia garanti (amana ya mpangaji) ya nyumba ya kuishi kuzidi pango la miezi 3. Wapangaji wengi hawajui kwamba sheria hiyo ipo. Kuiandika ndani ya masharti ya msamaha kutaifanya isomwe mahali ambapo haijawahi kusomwa.

Sasa, sharti lote hili lifungwe wapi? Katika ahadi ya mdomo haliishi hata msimu mmoja, na katika barua litapotea lupango litakapouzwa. Mahali pake ni kwenye mkataba wa kukodisha na kwenye cheti cha usajili, likiandikwa siku hati inapotolewa. Sheria ya 1973 inakipa cheti nguvu kubwa: miaka 2 ikishapita, haki iliyomo ndani yake haipingiki tena. Kile ambacho hakikuandikwa mwanzoni ni vigumu sana kukiingiza baadaye, na mnunuzi wa pili atasema, kwa haki kabisa, kwamba hakukiona. Kwa hiyo mzungumzeni mapema na mhifadhi wa hati, mumwonyeshe maneno mnayotaka yaandikwe, na mumwombe ayasahihishe kwa lugha ya ofisi yake.

Mwisho wa sehemu hii, fikirini kama kweli mnahitaji kusamehe. Ada inaweza kuahirishwa hadi nyumba ianze kukaliwa au iuzwe. Kwa kampuni au ushirika unaojenga ili kuuza, kuahirisha kunatosha mara nyingi, kwa kuwa tatizo lao ni fedha ya kuanzia. Ada inaweza pia kulipwa kwa kazi: kikundi kinachimba na kujengea mfereji wa maji ya mvua mbele ya malupango yake chini ya macho ya fundi wa serikali, na thamani ya kazi hiyo inaondolewa kwenye deni. Msamaha kamili mimi ningeuacha kwa kaya inayojenga nyumba yake ya kwanza, ndogo, ya kukaa yenyewe.

Fedha itakayopungua itatoka wapi

Katiba, katika kifungu cha 134, inawakataza wabunge wa taifa kuleta marekebisho yanayopunguza mapato bila kuonyesha fedha nyingine ya kuziba pengo. Chukueni hekima hiyo hata pale ambapo hamlazimishwi. Waziri wa jimbo atauliza swali la kwanza kuhusu pengo, na asipopata jibu hatasoma ukurasa wa pili.

Hesabu yenyewe si ngumu. Toeni kwenye daftari lenu wastani wa ada za jimbo na za komine kwa nyumba ndogo, kisha zidisheni kwa idadi ya mafaili mnayotaka yasamehewe kwa mwaka. Kama wastani ni dola 150 na mnaomba mafaili 200, pengo ni dola 30,000. Likiwa na kikomo cha namna hiyo linajadilika, lisipokuwa na kikomo linatisha. Halafu nendeni kwenye Office des Voiries et Drainage (ofisi ya barabara na mifereji) muulize gharama ya mita moja ya mfereji uliojengewa, ili baraza lijue ni mita ngapi linaziacha kwa ajili ya nyumba ngapi. Msilikwepe swali hilo. Ruashi ya miaka ya 1950, iliyojengwa na Office des Cités Africaines (ofisi ya makazi ya wakati wa ukoloni), ilipangwa nyumba na barabara kwa pamoja. Leo kuna kartiye za Annexe ambako nyumba zimefika na njia ya maji haijafika, na mvua za Januari zinapita katikati ya vyumba. Nyumba ya bei nafuu isiyo na mfereji humgharimu mwenyewe ukuta.

Kuhusu chanzo cha fedha, jimbo letu lina kimoja ambacho miji mingi haina. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka iliyogatuliwa ambayo mgodi uko katika eneo lake, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Komine yenye mgodi inaweza kuziba pengo lake kutoka katika zile asilimia 15. Komine ndogo zilizobanana kama Kamalondo haziwezi, kwa hiyo kwao pendekezo liombe sehemu ya zile 25 za jimbo. Andikeni jina la fungu la bajeti na kiasi chake, maana neno la jumla kama "mapato ya madini" halimfungi mtu yeyote.

Maneno ya pendekezo

Jadilianeni kwa Kiswahili, katika kartiye, watu wote wakisikia. Lakini andiko litakalowasilishwa liwe kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha rasmi ya Jamhuri. Wekeni nakala ya Kiswahili pembeni, iliyosomwa mbele ya kamati na kukubaliwa, ili ajenti au mwanasheria atakayeandika Kifaransa asije akabadili kilichokubaliwa. Vifungu vya katikati vinaweza kusomeka hivi:

"Msamaha unatolewa juu ya lupango, wala hautolewi kwa mtu, na masharti yake yanamfuata kila atakayelishika lupango hilo kwa miaka 10 tangu tarehe ya kibali cha kujenga. Anayeuza au kupangisha kwa bei inayozidi kikomo, au anayebadili matumizi ya nyumba kabla ya muda huo kwisha, analipa ada zote zilizosamehewa kwa kiwango kinachotumika siku ya kulipa. Ofisi inajibu ombi kwa maandishi ndani ya siku 30. Kukataa kunatajwa sababu yake. Muda ukipita bila jibu, ombi linahesabiwa kuwa limekubaliwa."

Chungeni neno "inaweza". Kifungu kinachosema kwamba ofisi inaweza kusamehe kinaugeuza msamaha kuwa hisani ya aliyeketi mezani siku hiyo, na hisani huombwa kwa njia tunazozijua. Atakayetimiza masharti asamehewe, na asiyetimiza asisamehewe, hata awe nani.

Kisha fuateni njia ya karatasi hadi mwisho. Malipo ya Dola hapa kwetu hupita hatua nne: huduma husika inathibitisha kwamba ada inadaiwa, inakadiria kiasi, mwenye mamlaka anaagiza ilipwe kwa hati ya malipo (note de perception), na mpokeaji anakusanya. Msamaha usioacha alama katika hatua hizo huonekana baada ya miaka kama deni lililosahauliwa. Ombeni hati ya malipo itolewe kama kawaida, ikionyesha kiasi chote, kiasi kilichosamehewa, namba ya édit, na salio la sifuri. Pamoja nayo utolewe ushahidi wa msamaha wenye namba ya mfululizo. Yule mama wa Kasungami ndiye aliyenifundisha umuhimu wa jambo hili, kwa kuwa kati ya zile risiti zake tatu, moja ilikuwa ya ada ambayo ofisi fulani ilikuwa imemwambia kwa mdomo kwamba imeondolewa, na mwaka uliofuata mtu mwingine akaja kuidai.

Baada ya kukubaliwa

Daftari la misamaha libandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya komine na wa ofisi ya kartiye: namba ya lupango, ukubwa wa nyumba, kiasi kilichosamehewa, kikomo cha pango. Majina ya watu si lazima. Jirani akijua kwamba chumba cha namba fulani hakitakiwi kupita bei iliyoandikwa pale, mkaguzi ana msaada ambao hakuna mshahara unaoweza kuununua.

Wekeni katika andiko lenyewe kwamba msamaha unakwisha baada ya miaka 3 usipopigiwa kura upya, na anzeni kukusanya takwimu za kura hiyo siku ya kwanza. Mtahitaji mambo machache: mafaili mangapi yalikubaliwa na kwa siku ngapi, nyumba ngapi zimeezekwa, vyumba vya nyuma vinapangishwa kwa bei gani, na kiwanja cha ukubwa uleule kiliuzwa kwa bei gani Luwowoshi, Kasungami na Kalebuka kabla ya msamaha na baada yake. Hiyo ya mwisho iulizeni kwa wanunuzi, msitegemee madalali, na muiandike kila baada ya miezi sita. Bei ya kiwanja ikiwa imepanda kwa kiasi kinachokaribia ada iliyosamehewa, masharti yenu yamevuja mahali fulani. Tafuteni pale yanapovujia na myarekebishe kabla ya kuliomba bunge miaka mingine 3.